Mhadhara wa Hadhara Juu ya Utukufu wa Gia ya Pili

Wazee wangu wa Biryogo. Akina mama mliotuandalia chai ya mnanaa. Vijana mliobeba perimi ya muda mfukoni na hofu ya kudumu moyoni. Nawasalimu kwa niaba ya elimu, ambayo alasiri hii imekubali kukalia kiti cha plastiki.

Nimewasikia mkinong'ona. Mnaulizana kwa nini mhadhara wa gia ufanyike katika mtaa huu wa Kigali, ambao tangu 2021 magari hayapiti, lami imepakwa rangi, na meza za mikahawa zimepangwa mahali palipokuwa pakiegeshwa Toyota. Jibu ni jepesi kwa aliyesoma. Palipo na gari, watu hutazama gari. Hapa hamna cha kutazama ila mimi. Na nitasema Kiswahili, lugha ambayo Bunge la Rwanda liliipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, ingawa Biryogo haikuwahi kulingoja Bunge.

Itifaki inataka mgeni rasmi atambulishwe. Kwa kuwa hakuna aliyesimama, na nimengoja vya kutosha, nitajitambulisha. Mimi ni Profesa wa Gia za Mwendo Mdogo. Cheo hiki sikupewa na mtu, maana cheo cha kupewa hunyang'anywa. Nyumba yangu iko Kimisagara, pale barabara inapokata kona na kuanza kupanda kwa hasira, na dirisha la chumba changu linatazama mahali hasa ambapo dereva hulazimika kuamua: abaki na gia aliyonayo, apunguze, au amwachie Mungu. Miaka mingi nimelala na sikio moja likiwa kazini. Bila kufungua pazia nitakuambia: hiyo ni Corolla, ina abiria wanne na gunia la viazi, na dereva yuko gia ya tatu akijua fika kwamba huko hakualikwa. Wapo wanaosema kusikiliza si kuendesha. Hao ndio ninaowasikia kila usiku.

Na kwa wale wenye tabia ya kuuliza gari langu mwenyewe liko wapi: liko Gatsata, kwa mafundi, kwa ajili ya utafiti. Klachi pleti yake ilionyesha udhaifu wa tabia.

Sasa fungueni madaftari. Dai langu ni moja, na nimelitetea mbele ya madereva wa teksi, makonda, na mama watoto: Kigali ni mji wa gia ya pili. Gia ya kwanza ni ya kuondokea. Gia ya tatu ni ya tambarare, na tambarare za mji huu nitawatajia bila kuvuta pumzi: kipande cha Remera kuelekea uwanja wa ndege, bonde la Nyabugogo, na sakafu ya sebule yangu. Palipobaki pote panamilikiwa na gia ya pili. Mtu akiniambia anaishi Kigali na haijui vizuri gia yake ya pili, mimi humwona kuwa yupo mjini kwa matembezi tu.

Raia wa kawaida huchaguaje gia? Hutazama mshale wa spidi. Ameambiwa na shemeji yake kwamba hadi kumi ni ya kwanza, hadi ishirini ni ya pili, hadi thelathini ni ya tatu, na kadhalika mpaka mbinguni. Shemeji huyo alijifunzia Dodoma. Mshale unakueleza matairi yanakwendaje. Haukuelezi injini inasikiaje, wala haujui kama mbele yako kuna mpando wa Kacyiru. Kinachotakiwa ni kuijua mizunguko ya injini, na kwa hili naomba utulivu, maana sasa tunaingia kwenye hesabu, na huku nyuma naona mtu anakula sambusa kwa sauti.

Chukueni gari dogo la petroli, tuseme Corolla ya miaka ya 1990 yenye gia tano. Katika giaboksi yake, gia ya kwanza inaifanya injini izunguke mara 3.5 hivi ili shafti itokayo izunguke mara moja. Gia ya pili, mara 1.9. Gia ya tatu, mara 1.3. Ya nne ni karibu sawa kwa sawa. Kisha difu nayo inazidisha mara nne hivi, kabla nguvu haijafika kwenye matairi. Maana yake ni kwamba, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, gia ya kwanza inakwenda kilomita 8 kwa saa, ya pili 15, ya tatu 22, na ya nne 30. Andikeni namba hizo nne. Nimewauzia kwa bei ya kikombe cha chai elimu ambayo wengine wameipata kwa kubadilisha injini.

Sasa tumia akili. Unakwenda kilomita 20 kwa saa. Ukiwa gia ya pili, injini iko kwenye 1,300: imeamka, imeoga, iko tayari kutumwa. Ukiwa gia ya tatu, iko kwenye 900, juu kidogo tu ya mahali inapopumulia ikiwa imesimama. Kwenye tambarare itavumilia, kwa sababu tambarare haiombi kitu. Lakini inua barabara kidogo, kisha ukanyage mafuta. Utasikia mtetemo ukianzia chini ya miguu, ukapanda kwenye usukani, ukafika kwenye meno ya abiria. Kila mlipuko ndani ya silinda unasukuma pistoni isiyokuwa na kasi ya kuukimbia, na mzigo wote unaangukia beringi za kranki na mipira inayoishika injini. Petroli ikianza kuwaka kabla ya wakati wake, unasikia kule kugonga kwa chuma ambako dereva hukudhania ni jiwe la barabarani, akaongeza sauti ya redio. Ni sawa na kumpa mtu baiskeli iliyojaa mikungu ya ndizi, kisha ukamwamuru aisukume kupanda Gikondo kwa kidole kimoja. Nguvu anazo, umemnyima mahali pa kushikia.

Hapo mjanja mmoja huniambia: "Profesa, basi nitakaa gia ya kwanza, niwe salama." Huyo ninampenda kidogo zaidi, kwa kuwa dhambi yake ni ya kelele tu. Gia ya kwanza kwenye kilomita 30 inaipeleka injini kwenye 3,600 au zaidi. Haifi. Injini hiyo imeundwa kufika 6,000 bila kuandika wosia. Ila inakunywa, inawaamsha watoto, na kila ukigusa mafuta gari linaruka, ukiachia linakurushia kifua kwenye usukani. Abiria wako wanaanza kutikisa vichwa kwa pamoja, na mpita njia anadhani mmekubaliana jambo.

Kuna suala la hewa, ambalo shemeji wa Dodoma hakuligusa. Sisi tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na tabo inavuta ile inayoipata. Inapoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake hata kabla haijaona mlima. Ndiyo maana wageni wetu kutoka pwani hufika hapa, wakaingia mwinuko wa kwanza kwa gia ya tatu waliyozoea kuiamini, wakaona imewafia mkononi. Hushuka, hufungua boneti, hutazama. Hakuna cha kutazama. Gari ni lile lile; bahari ndiyo wameiacha mbali.

Nimefika kwenye kiini cha mhadhara. Naomba anayehudumia chai asimame.

Septemba 2025 dunia ilikuja kujifunza gia Kigali. Mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, hapa hapa, na tarehe 28 wanaume walikimbia kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wengine wote milima iliwarudisha hotelini. Walipita kwenye mawe ya Kimihurura, mzunguko baada ya mzunguko, na walipelekwa pia kwenye Ukuta wa Kigali, ule mpando wa mawe ambao wenyeji wanauita Kwa Mutwe, wenye mwinuko wa asilimia 11 hivi. Ninyi mlipiga makofi na kupeperusha bendera. Mimi nilifumba macho na kusikiliza minyororo.

Na nilisikia nini? Nilisikia kwamba wale wakubwa wote walipunguza gia kabla ya ukuta. Mnyororo ulilia chini, kwenye kona, wakati miguu bado ina kasi. Juu ya mawe ulikuwa kimya. Yule aliyesubiri mpaka mlima umshike ndipo atafute gia nyepesi, nilimsikia pia: ulikuwa mlio mfupi, halafu neno la lugha ya kigeni ambalo sitalitafsiri mbele ya akina mama.

Kwenye gari ni vivyo hivyo, tena kwa ukatili zaidi, na hesabu yake ni hii. Ukikanyaga klachi, injini na matairi vimeachana; mlima peke yake ndio unaoendesha gari, na unaliendesha kurudi nyuma. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, sekunde moja na nusu ya klachi inakunyang'anya zaidi ya kilomita 5 kwa saa. Sasa mtazameni dereva wetu. Ameingia kwa gia ya tatu, kilomita 20, injini inatetemeka. Anashtuka. Anakanyaga klachi, anatafuta ya pili, anaipata, anaachia. Lakini alipoikusudia gia ya pili alikuwa kwenye 20. Alipoifikia yuko chini ya 15, ambapo injini ya gia ya pili nayo iko chini ya 1,000. Amehama nyumba akakuta tatizo limeshatangulia na kutandika kitanda. Sasa anahitaji ya kwanza. Na giaboksi nyingi haziipendi safari ya kurudi gia ya kwanza wakati gari bado linatembea; fimbo inagoma, inakwaruza, inasukuma mkono. Anasukuma zaidi. Gari linasimama. Nyuma yake kuna pikipiki nne na basi la abiria. Mimi niko kitandani, nimeshajua hadithi yote tangu sekunde ya kwanza, na nasema kwa sauti, "Kona! Ungebadilisha kwenye kona!" Mama watoto anavuta blanketi.

Kwa hiyo kanuni: gia ya mlima huchaguliwa bondeni. Punguza kwa breki, weka ya pili ungali kwenye 20 au 25, achia klachi taratibu, halafu kanyaga mafuta kabla mwinuko haujakukanyaga wewe. Mwendo ukishuka chini ya kumi na mlima bado unaendelea, hapo ndipo gia ya kwanza inapostahili kuitwa, na iitwe gari likiwa karibu kusimama, kwa heshima, bila kuigombeza. Anayetaka kuona kanuni hii ikivunjwa kwa wingi akae Kinamba saa kumi na moja jioni, watu wanapopanda kurudi makwao.

Kuhusu foleni nitasema kwa kifupi, kwa sababu foleni yenyewe ni ndefu. Gia ya kwanza, bila kukanyaga mafuta, inatembea kilomita kama 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi swala. Watengenezaji wametupa zawadi hiyo bure, na madereva wameikataa. Badala yake wanashika klachi nusu, dakika baada ya dakika, wakisogea nusu mita, wakisimama, wakisogea, huku pleti inajisaga na beringi ya klachi inaimba. Mwache wa mbele aende. Acha nafasi ya magari mawili ifunguke. Kisha ondoa mguu kabisa, gari litambae lenyewe. Ndiyo, pikipiki itaingia katika nafasi hiyo. Itaingia hata usipoiacha.

Sasa tushuke. Kila kilichopanda Kigali lazima kishuke Kigali, na hapa nina ugomvi na ukoo mzima wa madereva wa Afrika Mashariki. Ni wale wanaofika juu ya mlima, wakaweka fri, wakaliachia gari liteleze, kwa imani kwamba wanaokoa mafuta. Imani hii imepita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Zamani, wakati wa kabureta, ilikuwa na chembe ya ukweli. Leo haina. Gari lenye mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta, likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa mbali na mafuta, hufunga petroli kabisa. Matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, hakuna wa kuizungusha, basi kompyuta inarudisha petroli ili isizimike. Mtu anashuka kutoka mjini kwenda Nyabugogo akitabasamu kwamba anabana matumizi, na hali amefungua bomba.

Hayo ya mafuta ni madogo. Kubwa ni kwamba fri imeiacha breki ifanye kazi peke yake. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na joto likizidi, kanyagio linakuwa laini na gari linaendelea na safari yake. Kenya wanapajua Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na wamezika watu wengi kwa sababu ya malori yaliyoachiwa kuteleza bila gia. Tanzania kuna Sekenke, kati ya Singida na Nzega, ambapo malori mengi yanayoleta mizigo yetu kutoka Dar es Salaam hupita. Dereva wa Sekenke aliyezeeka ana gia yake ya kushukia na hamkopeshi mtu. Kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko mimi, ingawa nimeiboresha: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Gia ya pili kwenye kilomita 30 inaishika injini kwenye 2,000 hivi, na injini hiyo inalivuta gari nyuma kwa ukaidi mtulivu. Breki yako unaigusa mara moja moja, kwa ajili ya mbuzi na mawaziri.

Ndiyo, kijana, naona mkono. Unasema injini inanguruma ukishuka hivyo. Acha ingurume. Ndivyo inavyosikika ikifanya kazi ambayo hujailipia.

Niseme neno kwa ndugu zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda walioko hapa, ambao kwao barabara huenda kushoto. Mlipovuka Rusumo au Gatuna mkahamia kulia, mlidhani mmebadilisha upande wa barabara tu. Mpangilio wa gia haukuhama pamoja nanyi. Kwenye gari la Dar es Salaam, gia ya kwanza iko kwenye goti la abiria. Kwenye gari la Kigali, iko kwenye goti lako. Kule, kutoka ya pili kwenda ya tatu, mkono wa kushoto husukuma mbele ukiivuta fimbo kuelekea kwako. Hapa, mkono wa kulia ukifanya ujinga ule ule wa kuivuta kwako, unakaribia kuingia ya kwanza. Nimemsikia mgeni akifanya hivyo chini ya dirisha langu. Injini ilipaza sauti ambayo mbwa watatu waliijibu. Ushauri wangu: wiki ya kwanza mtangulize mkono kufikiri kabla ya mguu, na msiniegeshee mbele ya nyumba.

Kuhusu mtihani. Najua ndiyo sababu ya nusu yenu kuja. Mnaenda Busanza, Kicukiro, ambako tangu 2024 mitihani inasimamiwa na kamera na kompyuta, na hakuna tena afisa wa kumsimulia kwamba bibi yako ni mgonjwa. Lile zoezi mnaloliita demaraje, kuondoka ukiwa umesimama mlimani, linawaua wengi kwa sababu wanalifanya kwa miguu na haraka. Lifanye kwa masikio na uvivu. Breki ya mkono juu. Gia ya kwanza. Mafuta kidogo mpaka injini ifike 1,500 hivi. Achia klachi mpaka usikie sauti imezama na pua ya gari imeinuka. Hapo ndipo walimu wa Dar husema klachi imebalansi. Tulia hapo. Usiwe na pupa, mlima haujawahi kumkimbia mtu. Kisha shusha breki ya mkono, na gari litaondoka kana kwamba wazo lilikuwa lake. Ila ukiwa umeelekea bondeni, usijisumbue na ya kwanza kabisa: achia breki, liache lijongee, ingiza ya pili. Hata kompyuta haina neno la kukuambia hapo. Nadhani.

Mtaniuliza pia kuhusu Sofia. Kwa wageni: Sofia ni jina ambalo mji huu umeipa kamera ya mwendo kasi, na ni jina linalotajwa majumbani kuliko la mama mkwe. Mwaka 2021 ulizuka mjadala mkubwa, watu wakilalamika kwamba kikomo cha kilomita 40 kwa saa ni mwendo wa konokono, kwamba gari halikubali kwenda hivyo. Nilicheka peke yangu. Gari halikubali kwa sababu uko gia ya nne! Kwenye 40, gia ya nne iko kwenye 1,300: bondeni ikibembea, mlimani ikikohoa, na mguu wako unaongeza mafuta ili kuituliza, halafu ghafla uko 52 na Sofia amekukonyeza. Weka ya tatu. Iko kwenye 1,800, imetulia, inatii mguu kwa milimita. Nusu ya faini za mji huu, kwa makadirio niliyoyafanya mwenyewe nikiwa nimelala, ni faini za gia.

Nimekuwa mpole mpaka sasa. Mwaka 2024 Serikali iliruhusu watu wafanye mtihani kwa gari la otomatiki na wapewe perimi ya otomatiki. Kabla ya hapo kila mtu, hata yule mwenye gari lisilokuwa na kanyagio la tatu, ilimbidi apite mbele ya klachi na kuhukumiwa. Sasa kijana anatoka Busanza na perimi mkononi akiwa hajawahi kuzima gari hata mara moja mbele za watu. Amejifunzia wapi unyenyekevu? Wakati huo huo mabasi ya umeme yamefika, pikipiki za umeme zinanipita bila kutoa sauti, na usiku sasa kuna saa nzima nzima ambapo sina mtu wa kumsahihisha. Mashabiki wa otomatiki huniambia kwamba mashine huchagua gia vizuri kuliko binadamu. Kwa binadamu ninaowasikia mimi, sikatai. Lakini mpeleke otomatiki wako ashuke Rebero na D peke yake, uone kama hatakimbilia gia ya juu na kukuachia breki zikichemka. Na hapo utaivuta ile fimbo kwenye L au kwenye 2. Naam, kwenye 2. Hata watengenezaji, walipojenga mashine ya kuwaondolea watu gia, walishindwa kuiondoa ya pili.

Nitapokea swali moja. Wewe dada mwenye kitenge, swali lako ni kuhusu bili ya chai, hilo lielekezwe kwa kamati. Wewe kijana ulikwisha kuuliza. Yule kaka pale nyuma, mwenye kofia, anayeonekana amesafiri. Karibu, kaka. Unatoka Dar na lori? Vizuri sana, hawa ndio wanafunzi ninaowapenda. Sema kwa sauti.

Lori lako lina gia kumi na sita. Sawa. Na gia ya pili ziko mbili, ya pili ndogo na ya pili kubwa. Sawa. Na ukibonyeza kile kitufe cha kwenye fimbo, mahali pale pale palipokuwa ya pili panakuwa ya sita, ndogo na kubwa. Na unataka kujua, ukiwa umebeba tani ishirini na saba na umepita Sekenke salama kwa miaka kumi na minne, ni ipi hasa kati ya hizo ambayo mimi ninaitukuza.

Kaka, swali lako ni zuri kiasi kwamba lingepotea bure likijibiwa kutoka kule nyuma. Mpisheni. Njoo, keti hapa mbele, chukua kiti changu. Waeleze hawa vijana, polepole, tangu mwanzo, namna unavyozipanga, na mimi nitakuwa nimesimama hapa pembeni nikikusahihisha.